Onja Wewe Kwanza

Nimewahi kula mchana wa Ramadhani mara moja tu nikiwa na afya yangu njema. Wenzangu wanaokula kobe, yaani kwa siri mwezi wa kufunga, hujificha nyuma ya jiko. Mimi nilikula saa nne asubuhi, mbele ya daktari, mbele ya shefu, yaani muuguzi mkuu wa wadi, na wagonjwa kumi na moja, na nikameza kwa makusudi ili koo langu lionekane likipanda na kushuka. Mama yangu alipopata habari hakuniambia neno mpaka kesho yake. Anayemjua mama yangu anajua hiyo ni adhabu kubwa kiasi gani.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja pale Gitega, msichana wa Nyamugari, mtaa wa Waswahili wa mji huo, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Watu wa mbali wakisikia habari za miaka ile wanadhani tulilia tangu asubuhi hadi jioni. Tulilia, sikatai. Lakini pia tulifua mashuka, tuligombania sabuni, tulichekana kwa viatu vilivyotoboka, na shefu wetu alikuwa na redio ndogo ambayo ilishika kituo ukiishikilia antena kwa vidole. Nikikumbuka wadi ile, kinachonijia kwanza ni harufu ya uji na kelele za mabakuli. Nilikuwa naipenda kazi yangu, na nilijiona naijua.

Wadi yetu ya wanawake ilikuwa na sauti mbili. Sauti ya kwanza ilikuwa ya wagonjwa wenye akili zao: tuliwaamkia, tukawauliza wamelalaje, tukawaambia dawa ni ya nini. Sauti ya pili ilikuwa ya wazee ambao akili zimeanza kuwatoka. Hiyo ilikuwa nyembamba, ya kuvutavuta, ile ambayo mtu humwitia mtoto anayetambaa. "Tumeamkaje leo? Tumekojoa? Haya, sasa tutakunywa uji wetu." Hiyo "tu" sijui ilitoka wapi, maana aliyekojoa alikuwa mmoja. Mwanamke mwenye wajukuu ishirini tulimwita kakecuru, yaani kabibi kadogo, na tukampigapiga shavuni. Tukishamaliza kumbembeleza tuligeuka na kuzungumza juu ya kichwa chake kwa sauti yetu ya kawaida, kama kitanda kilikuwa kitupu. Sikuona ubaya wowote. Niliona ni huruma, na katika sauti ile nilikuwa fundi. Shefu mwenyewe alinisifu.

Basi siku chache kabla ya katikati ya Ramadhani akaletwa bibi mmoja, tukampa kitanda cha nne, pembeni ya dirisha. Alikuwa mrefu, mkavu, amefunga kitambaa cha kichwa kwa mkazo hata nyusi zimepanda. Alikuwa mtu wa Giteranyi, kule juu Muyinga, mpakani na Tanzania. Mumewe alikwisha kufa miaka mingi. Tangu ujana wake alikuwa anavuka mpaka kwa miguu na maharage kichwani, akirudi na chumvi na vitenge, na alikuwa bado anajua bei ya kila kitu, ila bei zenyewe zilikuwa za zamani. Mwaka tulionao hakuujua. Mwanawe, mwuza vipuri vya baiskeli pale Gitega, alikuwa amemchukua akae naye kwa sababu Giteranyi siku zile kulikuwa hakukaliki. Akaanguka uani akavunjika kifundo cha mkono, na juu yake akapata malaria.

Mwana alimleta, akatuaga vizuri, akashuka Bujumbura kutafuta bidhaa, na barabara ikafungwa nyuma yake kwa vita, hata konvoi ya magari yenye askari ikawa haipiti. Mkewe alikuwa nyumbani na kichanga cha siku nne. Kwa hiyo bibi hakuwa na mrwaza. Mrwaza ni ndugu anayekaa na mgonjwa hospitali, anampikia, anamfulia, analala chini ya kitanda chake. Asiye na mrwaza ni yatima hata akiwa na miaka themanini. Wagonjwa wa namna hiyo walipewa uji wa mtama kutoka jiko la hisani, na mtu wa kuwanywesha ni sisi.

Asubuhi ya kwanza nilimpelekea uji wake katika kikombe cha plastiki. Alikipokea kwa mkono mzima, akautazama uji, akanitazama mimi, kisha akakirudisha polepole mpaka kikagusa kifua changu, akangoja.

"A-a-a," nikasema kwa ile sauti. "Mtoto mzuri, tunakunywa uji wetu tupate nguvu."

Nikamrudishia. Akanirudishia. Tukawa kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake apite.

"Mi siko mtoto," akasema. "Nimezaa saba."

Nikacheka. Kweli nilicheka. Nikageuka nikamwambia shefu, hatua mbili kutoka pale, kwa sauti yangu ya kawaida, "Huyu haelewi kitu tena." Bibi akafumba macho. Leo nikikumbuka yale macho yalivyofumbwa najua kabisa alinisikia, na naona haya mpaka masikioni.

Siku ile hakunywa. Jioni hakunywa. Tulijaribu kijiko, akabana meno. Shefu akajaribu Kifaransa, "Allez, mama, on ouvre la bouche," na mdomo wake mwenyewe wazi kama anayemlisha ndege. Bibi akamtazama kwa huruma. Tulipomtundikia maji ya mshipa yenye kwinini, aliung'oa mpira kwa meno, damu ikachuruzika mpaka shukani. Siku ya pili midomo ilikuwa imepasuka na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Daktari akaja akamwangalia, akasema hivi: kesho kutwa saa nne asubuhi, kama bado hanywi, tutampitisha mpira puani mpaka tumboni, na mikono tutaifunga kitandani asiung'oe. Alisema mbele yake. Mimi nilikuwa nimewahi kuona mzee akifungwa mikono namna ile. Hakufa kwa mpira, alikufa kwa kuacha kutaka. Nikamwomba Mungu yasimfike bibi yule, nikaendelea kumwita mtoto mzuri.

Katika wadi kulikuwa na mtu mmoja tu asiyetumia sauti ya pili, naye ni Mkongomani wetu. Alikuwa muuguzi kutoka Kivu ya Kusini, Mkristo wa kuimba kwaya, amekimbia vita vya kwao akaangukia katika vya kwetu, na jambo hilo yeye mwenyewe alilichekea kuliko sisi. Alikuwa akivuta kiti, anakaa, ndipo anaongea. Alimuuliza bibi bei ya chumvi. Bibi akamtajia. Akasema ni ghali. Bibi akasema basi nenda kavuke mwenyewe uone, na kwa nusu saa wakawa wanabishana bei ya chumvi ya miaka thelathini iliyopita. Nami nikipita na beseni nikasema moyoni, mtu mzima anapoteza wakati.

Mara kwa mara bibi alimuulizia mumewe. "Bwana yangu amefika?" Shefu, mwanamke mkweli, alimjibu kila mara, "Mama, bwana yako alikufa. Zamani." Na kila mara bibi alizipokea habari zile upya. Alishika kichwa, akaanza kuomboleza, machozi yasiyokuwepo mwilini yakatafutwa. Siku ya pili ile peke yake alifiwa mara nne. Mara ya tano alimuuliza Mkongomani.

"Njia imefungwa, mama," akamwambia. "Konvoi haiyapita."

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Basi atalala Karuzi," akasema, akiutaja mji wa njiani, akatulia kabisa.

Mimi nikamfuata Mkongomani mpaka kwenye kabati la dawa. "Unamdanganya mtu mzima hivi hivi?"

"Dada, njia haiko imefungwa?"

"Imefungwa."

"Sasa uongo iko wapi?"

Nikafunga kabati, nikarudi kwenye mabeseni yangu. Lakini hata yeye, pamoja na chumvi yake yote, alipompa kikombe kilirudishwa. Aliniambia, "Huyu mama haiko anakataa. Anangojea kitu. Sijui nini." Nilimwambia aache kutafuta maana mahali pasipo na maana.

Siku ya tatu zamu yangu ilikuwa ya mchana, lakini siku zile ikishafika jioni mtu haruhusiwi kutembea, kwa hiyo aliyekuwa na zamu ya mchana alibaki hospitali mpaka asubuhi. Mama alikuwa amenipa uji wangu wa kufungulia katika chupa ya chai, na ndizi mbili. Tende hatukuziona mwaka ule, wala sukari ya maana. Jua likazama, adhana ikasikika kutoka msikitini, nikakaa kwenye stuli kati ya kitanda cha nne na cha tano kwa sababu hapo ndipo palikuwa na stuli. Nikamimina uji kwenye kifuniko cha chupa, nikasema bismillahi, nikanywa funda la kwanza kama mtu aliyefunga anavyolinywa, macho nimefumba.

Nilipofumbua, bibi alikuwa ameketi. Alikuwa ananitazama kooni.

"Lete sasa," akasema, na mkono umenyooka.

Nikampa kifuniko changu. Akanywa mpaka mwisho. Akanyoosha tena. Nikamimina, akangoja. Sikuelewa anangoja nini mpaka alipokisogeza kifuniko kifuani kwangu, palepale aliposogezea kikombe cha asubuhi ya kwanza. Nikapiga funda. Akakichukua, akanywa. Hivyo hivyo mpaka chupa ikaisha. Alikunywa futari yangu yote, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akasema uji ni mzuri ila umekosa chumvi.

Kisha akaniambia, bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia: "Siku tatu munaniletea vitu. Hakuna mutu anaonja. Mi nitajua je?"

Sasa, mtu wa Burundi akisoma hapa atakuwa amekwisha kunicheka zamani. Kwetu anayekupa kinywaji anakionja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Ni kukuonyesha kwamba hakuna sumu, na hata pasipo na mtu anayefikiria sumu, ni heshima. Pombe inaonjwa, maziwa yanaonjwa, bibi yangu mzaa baba alionja hata maji. Nilijua hayo yote tangu utotoni. Ila niliijua kama desturi ya nyumbani na ya harusi. Haikunipitia kichwani kwamba kikombe cha plastiki cha hospitali ni kinywaji kama vingine, na kwamba mimi niliyekishika ni mwenyeji na yule kitandani ni mgeni wangu. Shuleni tulifundishwa tusiguse kikombe cha mgonjwa kwa midomo yetu. Mwezi wenyewe ulikuwa wa kufunga. Na bibi alikuwa mtu wa mpakani, katika miaka ambayo hata majirani waliagana kwa kutazamana mikono. Watu asiowajua wanamletea uji mwekundu, wanatabasamu sana, wanamwita mtoto, na hakuna hata mmoja anayethubutu kuunywa. Mimi ningeubania meno pia. Nilikaa pale na chupa tupu mapajani, njaa inaniuma, na nilifurahi hata nikataka kumwamsha kila mtu.

Asubuhi nilimweleza shefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mikrobu." Nikamwambia habari ya mikrobu, vijidudu vya maradhi, naijua. Akasema kama naijua basi sina haja ya kuambiwa. Mkongomani angenisaidia, lakini tangu jana alikuwa na mapumziko yake mjini. Shefu hakukubali kuonja kitu cha mgonjwa, na sikumlaumu sana, maana dada yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu alichokipata kazini. Na mimi nilikuwa nimefunga.

Saa nne daktari akaja. Nyuma yake sinia: mpira, mafuta, na bandeji mbili za kufungia mikono. Bibi aliziona bandeji kabla ya mpira.

Nikaenda nikachukua kikombe. Nilidhani nina akili. Aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi akihitaji, ilimradi ateme, na kila mpishi wa Nyamugari anajua hilo. Nikamwambia, "Mama, naonja." Nikatia uji kidogo mdomoni, nikageuka upande wa ukuta, nikatema kwenye kitambaa, nikageuka na uso wa mtu aliyeshiba.

Akanitazama kooni. "Hukumeza," akasema.

Wadi nzima ikacheka. Daktari hakucheka, alikuwa anaangalia saa. Nikasimama na kikombe mkononi na nilikuwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani, nadhani mimi mwenyewe. Nilikuwa nimefunga tangu nikiwa na miaka tisa, sikuwahi kuacha siku ila kwa sababu za kike. Nilijua mama ataambiwa kabla jua halijazama, maana kitanda cha saba alilazwa jirani yetu. Nikatazama bandeji kwenye sinia. Nikasema moyoni, ya Rabbi, hii tutazungumza baadaye. Nikanywa. Sikugusa tu, nilipiga funda kubwa, kichwa nimekiinua juu ili aone vizuri, kisha nikamkabidhi kikombe kwa mkono wa kulia na wa kushoto umeshika kiwiko, kama nilivyofunzwa kwetu, na nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Karibu, mama. Nimeonja."

"Asante, mwanangu," akasema. Akanywa mpaka tukaona sakafu ya kikombe.

Ikabaki kwinini. Daktari akamtolea kidonge kwenye kiganja. Bibi akakitazama, akakisukuma kwangu. Hapo, jamani, nikashindwa. Nimekwisha kula mwezi mtukufu, sasa nile na kwinini? Daktari yule alikuwa mtu mkavu, sijawahi kumwona akifanya mzaha. Alikichukua kidonge kingine kwenye kikopo, akakilamba mbele yake, na uso wake ukajikunja wote mpaka miwani ikateremka.

"Iko kali?" bibi akamuuliza.

"Kali sana, mama. Sana."

Ndipo alipocheka. Ilikuwa mara ya kwanza tunamsikia akicheka, kicheko kinene cha mwanamke wa sokoni. Akakimeza kidonge, akakunja uso kama daktari, akamtikisia kichwa kuthibitisha kwamba ni kweli. Daktari akaifunika ile sinia kwa taulo na kuamuru ipelekwe.

Nyumbani, kama nilivyosema, mama alinyamaza. Jirani wa kitanda cha saba alikuwa amemtuma mrwaza wake na habari kabla hata sijafika. Lakini kesho yake nilipotoka nilikuta chupa mbili mlangoni. "Hii yako," mama akasema akiangalia upande mwingine. "Hii ya mgonjwa wako. Nimetia chumvi. Na wewe ya kwake usionje, ungojee magharibi."

Sikuhitaji kuonja tena mchana. Mkongomani alipopata habari alijitangaza waziri wa kuonja. Alibadilishana zamu na wenzake awepo asubuhi, akazunguka kila kitanda chenye mzee, "Mi ni Mukristo, mi sifungi, lete hapa," na mwisho wa mwezi alikuwa amenenepa. Tukagundua bibi hakuwa peke yake. Kulikuwa na mwanamke mzee wa Bukirasazi, kitanda cha tisa, ambaye tulikuwa tumeandika kwamba ni mkaidi. Alionjewa maziwa mara moja tu, na ukaidi ukaisha.

Sauti ya pili haikufa siku moja. Ulimi una mazoea. Siku nyingine nilijikuta nimekwisha sema "tumekojoa," na bibi akanijibu, "Mi nimekojoa. We sijui." Basi nikajifunza kusema kama kuna mtu mbele yangu. Nikajifunza kuvuta kiti kabla ya kufungua mdomo. Kuhusu mumewe, sikuweza kuiga moja kwa moja maneno ya Mkongomani. Nilimuuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Akanieleza alikuwa mfupi, mwenye wivu, na anapiga filimbi akikaribia nyumbani ili watoto wakimbie kumpokea. Baada ya hapo mara nyingi alisahau kuuliza kama amefika.

Shefu naye nilimkuta siku moja, chumba kitupu, wagonjwa wengi wako nje juani, ameinama kitanda cha nne na kikombe cha chai mdomoni. Aliponiona alimeza, akamkabidhi bibi, akanyoosha koti lake. "Chai ilikuwa ya moto," akaniambia. "Nilikuwa naangalia moto." Nikasema ndiyo, shefu.

Barabara ikafunguliwa, mwana akarudi, mkono ukaunga, malaria ikaondoka. Bibi akapelekwa kwa binti yake Muyinga mjini, maana mkwe alikuwa bado na kichanga. Asubuhi ya kuondoka alimpa Mkongomani mkono na kumwambia akivuka amletee chumvi. Mimi aliniuliza kama najua lori la Muyinga linasimama wapi.

Ilipita miezi minne au mitano. Hospitali ikanituma Muyinga wiki mbili kusaidia, huko walikuwa wamepungukiwa watu. Nilisafiri katika konvoi, magoti yamegusa kidevu kwa masanduku ya dawa, na njia nzima nilikuwa nafikiria kwamba nitamwona. Sitaki kudanganya: nilitaka anitambue. Nilikuwa nimemhadithia kila mtu habari yake, nikajipa humo nafasi kubwa, na nilitaka aitie sahihi.

Siku niliyopata nafasi ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ile nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nailipa siku yangu, ileile moja, ambayo nilikuwa nimeiahirisha tangu Idi. Nilimkuta bibi kwenye mkeka mbele ya nyumba ya binti yake anapukuchua maharage, mkono uliovunjika unafanya kazi kama mwenzake. Nikainama nikampa amahoro, salamu yetu ya amani. Akaniitikia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akasema hawajui.

Binti yake akaona aibu kwa niaba yangu. "Mama, ndiye yule muganga wa Gitega. Yule alikuwa anakuonjea uji."

Bibi akanitazama kwa makini, na mimi, mtu mzima, nilikuwa nimezuia pumzi. "Gitega sijafika mi," akasema. "Njia imefungwa."

Iliniuma. Iliniuma kidogo na ikapita, kwa sababu alikuwa amenenepa, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa mkazo uleule, na maharage yake alikuwa anayachagua vizuri kuliko ambavyo ningeyachagua mimi. Nikakaa kwenye mkeka nikamsaidia. Tukazungumza bei. Nikamwambia chumvi ni ghali, akaniambia basi nenda kavuke mwenyewe, na nikafurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Kisha akamwambia binti yake alete mutobe, yale maji matamu ya ndizi ambayo hayajachachuka. Kilikuja kikombe kimoja kikubwa cha bati, kimejaa. Nikafungua mdomo niseme, mama, nisamehe, leo nimefunga. Bibi alikuwa amekwisha kukiinua. Akapiga funda, kichwa juu, na nikaona koo lake jembamba likipanda na kushuka. Akakigeuza kikombe, akaninyooshea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kile kifundo kilichovunjika Gitega.

"Kunywa, mwanangu. Mi nimeonja."

Binti yake ndani ya mlango alikuwa anatikisa kichwa ananiambia si lazima. Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikanywa mpaka nikaona sakafu ya kikombe, na yeye alikuwa ananitazama kooni mpaka mwisho, ameridhika.

Ile siku moja niliilipa wiki iliyofuata, nikiwa nimerudi kwetu Nyamugari, mbali na mtu yeyote mwenye kikombe.